Wiki Niliyoufundisha Mguu wa Mwita Kuanguka

Hii hadithi inanionyesha mjinga. Nimejaribu kuisimulia bila ujinga wangu, nikaona kinachobaki ni kama barua ya kuomba kazi. Kwa hivyo chukueni yote pamoja, nyinyi vijana mnaoingia kazi ya mazoezi ya viungo na makoti meupe yamepigwa pasi mpaka yanasimama yenyewe. Mimi nimefanya hiyo kazi mpaka nikastaafu, na nilianza na ufagio. Ufagio wa ukweli, wa vijiti, na ndoo ya dawa ya sakafu.

Miaka ya tisini, hapo Migori mjini, kulikuwa na hospitali ya misheni. Jina nawanyima, wenyewe hawakukosea mtu, mimi ndio nilikosea. Chumba chao cha mazoezi kilikuwa na vitanda viwili, vyuma viwili vya kushikilia ukijifunza kutembea, mifuko ya mchanga, na tyubu ya baiskeli imekatwa vipande virefu. Nyinyi leo mna mashine ya stima inalia tii tii kwa goti la mtu. Sisi tulikuwa na tyubu. Na tyubu, stima ikipotea, inaendelea na kazi.

Mwenye chumba alikuwa Madam Zuhura, mama wa Mombasa. Alikuja huku kufuata bwana yake aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, na katika hiyo hospitali nzima yeye peke yake ndiye alisomea mambo ya misuli. Mimi nilikuwa nimetoka Homa Bay na cheti cha darasa la nane na mdomo. Cheti hakuna mtu aliniuliza. Mdomo walipata bure.

Sasa, huyu mama alikuwa hawezi kukaa kimya akikanda mguu wa mtu. Alikuwa anafundisha. Mgonjwa akilala, anafundishwa mgonjwa. Mgonjwa akiondoka, nafundishwa mimi na ufagio wangu.

"Ouko," ananiambia, "jina la msuli ni anwani. Walioupa jina hawakuwa wanajipamba. Walikuwa wanakuonyesha nyumba."

Na kweli. Biceps, ile ya mkono ambayo mnapenda kuwaonyesha wasichana, maana yake ni vichwa viwili, kwa sababu huko juu imeshika mfupa mahali pawili. Mwenzake wa nyuma ya mkono ni triceps, vichwa vitatu. Deltoid ya bega imepewa jina la umbo lake, pembetatu. Sartorius ya paja imepewa jina la fundi cherehani, kwa sababu inakunja mguu vile mafundi wa zamani walikuwa wanakaa chini na kushona. Gluteus maximus ni ya makalio, na hiyo maximus inasema tu kubwa kabisa. Huo ndio msuli mnaoupumzisha sana siku hizi mkiwa kwa simu.

Mimi niliyashika yote. Nilikuwa napanga majina na mwendo wa ufagio, fagia moja jina moja, mpaka nikawa naweza kutoka vidole vya mguu hadi shingoni bila kupumua. Nesi mmoja alinisikia akaniuliza kama nilisomea Nairobi. Nikamwambia nilipita huko. Uongo haukuwa mkubwa, nilikuwa nimepita, nikienda matanga.

Madam akaona bidii yangu akanipandisha cheo kidogo: nishike miguu. Yeye anaonyesha, mimi nashika. Kuinua, kushusha, kuhesabu. Nikajiona nimefika.

Halafu Madam akaitwa Kisumu wiki moja kuchagua vifaa. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni na begi yake akaniambia maneno machache. Nayakumbuka kama maji ya kunywa. "Wagonjwa wa zamani, rudia nao mazoezi yaliyoandikwa. Mgonjwa mpya usimguse. Andika jina lake, mwambie arudi Jumatatu ijayo."

"Sawa, Madam."

"Usimguse."

"Nimesikia, Madam."

Gari yake ilikuwa haijafika daraja la mto, na mimi nishavaa koti yake. Mikono ilinifika hapa, karibu na kiwiko. Nikaikunja ionekane nimependa hivyo.

Siku hiyo hiyo aliyoondoka, Jumatatu, ndio Mwita alikuja. Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mkimya, amebebwa na baiskeli ya boda boda mpaka barabara kubwa halafu akatafuta gari. Mguu wake wa kulia ulikuwa unaburuta. Si kuvimba, si kidonda. Akiuinua, unyayo unaning'inia kama kandambili imekatika, vidole vinaangalia chini. Ili asijikwae alikuwa anainua goti juu sana kila hatua, kama mtu anapanda ngazi ambayo hakuna mwingine anaiona.

Nikamwambia aketi. Nikauliza kazi yake.

"Mimi nalima na ng'ombe," akasema. "Nashika jembe. Yangu na ya majirani."

"Na mguu ilianza lini?"

"Wiki tatu. Niliamka tu, mguu imekataa. Mvua fupi inakuja mwezi ujao. Nikienda nyuma ya jembe hivi, kidole inaingia kwa mtaro, naanguka, jembe inaruka. Nimejaribu mara mbili." Akapapasa goti lake. "Ndugu yangu Chacha anasema mvua ikifika kama siwezi kushika jembe, hao ng'ombe wanne wanakula nyasi ya bure. Atawapeleka mnada wa mpakani. Ni wa baba yetu, kwa hivyo ana haki. Lakini mimi ndio niliwafundisha nira tangu wakiwa ndama."

Hapo mtu mwenye akili angesema: rudi Jumatatu. Mimi nikaona mtu ana haraka na mimi nina koti.

Nikamwambia asimame na vidole. Akasimama bila shida, kisigino juu. Sikujiuliza kitu. Nikamlaza, nikashika shavu la mguu, ile nyama nene ya nyuma. Nikaiminya. Nikafikiria hivi, na nyinyi msicheke mpaka nimalize: unyayo umeanguka, kwa hivyo lazima kuna kitu cha kuusukuma juu ambacho kimechoka. Na kitu kikubwa hapo karibu ni hii nyama ya nyuma. Si inakaa nyuma isukume? Kama watu wanasukuma pikapu imekwama bonde la Lambwe kwa ile udongo nyeusi. Ukiongeza watu nyuma, pikapu inatoka.

"Hii ndio imelala," nikamwambia, na sauti ya Nairobi niliyopita. "Gastrocnemius."

Aliposikia hilo jina akatingisha kichwa kwa heshima. Hilo jina limenisaidia mara nyingi.

Nikampa kipande cha tyubu. Azungushe kwa unyayo, ashike ncha mbili na mikono, halafu akanyage tyubu iende chini. Mara mia asubuhi, mara mia jioni. Alikuwa amefikia kwa binamu yake hapa mjini, kwa hivyo nikamwambia aje kila siku nimhesabie. Na alikuja. Jamani, huyo mtu alikuwa na bidii. Ukimwambia mia, anafika mia na kumi aniachie kumi za baraka.

Siku ya tatu nikamuuliza, "Unaonaje?"

Akaangalia unyayo wake. "Daktari, mguu ilikuwa inaanguka. Sasa inaanguka na nguvu."

Nikamwambia hiyo ni dalili nzuri.

Jumamosi kulikuwa na foleni ndefu nje, watu wa kliniki ya watoto. Mwita akatoka kwangu, akakanyaga ngazi ya kwanza ya veranda, vidole vikashika ukingo, na akaenda chini mzima mzima. Uso uligonga saruji. Akainuka, mdomo umepasuka, damu kwa shati. Alikusanya kofia yake, akaipangusa vumbi, akanitazama tu. Na mimi nilikuwa hapo mlangoni, na koti ya mikono mifupi.

Dani mmoja kwa foleni, mama mzee wa kutoka Rongo na mjukuu mgongoni, akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe daktari," akasema, "huyu alikuja akitembea vibaya. Sasa umemfundisha kulala?"

Foleni ikacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu sikujua uso wangu ufanye nini. Lakini jioni hiyo nikifunga chumba nilitundika koti na sikuigusa tena. Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kabla ya mvua kama mimi ndio nina ng'ombe.

Jumatatu Madam akarudi. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini Mwita aliingia nyuma yake na mdomo umeshonwa nyuzi mbili na tyubu mkononi, na mimi nikashika ufagio.

Madam hakunipigia kelele. Ingekuwa rahisi. Alimketisha Mwita kitandani, miguu inaning'inia, akaniambia nisimame mbele.

"Ouko, niambie misuli ya chini ya goti."

Nikaimba. Gastrocnemius, soleus, tibialis anterior...

"Hapo hapo. Tibialis ni nini?"

"Ni ya mfupa wa muundi, Madam."

"Na anterior?"

Nikasikia jasho. "Ya mbele."

"Ya mbele," akasema. "Kila asubuhi unafagia ukisema mbele, mbele, mbele. Akaja mtu, ukaenda nyuma."

Halafu akamgeukia Mwita. "Baba, samahani, nifundishie huyu mtu wangu. Ng'ombe wako wakilima, wanasimama wapi?"

"Mbele ya jembe."

"Huwezi kuwaweka nyuma, wasukume?"

Mwita alimwangalia kuona kama anamtania. "Ng'ombe asukume, Madam? Na nini? Pua?" Na huo mdomo wake wa nyuzi ukajaribu kucheka.

"Basi msuli ni ng'ombe," Madam akasema. "Hausukumi. Tangu uzaliwe mpaka uzikwe, hakuna hata msuli mmoja mwilini unaosukuma. Unajifupisha, unavuta, basi. Umefungwa mfupa wa huku, unapita juu ya kiungo, halafu umefungwa mfupa wa kule kwa kamba ngumu tunayoiita kano. Ukijifupisha, mfupa wa kule unakuja. Ukitaka urudi, unahitaji ng'ombe mwingine upande wa pili. Ndiyo maana wamepangwa wawili wawili. Huyu akivuta, mwenzake analegea."

Vijana, acheni kunisoma kidogo mfanye hivi. Kaa kwa kiti, kisigino chini. Weka vidole vya mkono kwa muundi, si juu ya mfupa, pembeni yake kwa nje. Sasa inua vidole vya mguu. Umesikia kitu kimekuja kigumu hapo? Huyo ndiye anainua unyayo wako kila hatua ndio usijikwae, na hujawahi kumshukuru. Sasa kanyaga chini. Amelegea, na nyuma imekaza. Ukishasikia hiyo na vidole vyako mwenyewe, huwezi kudanganyika vile mimi nilidanganyika. Nilikuwa nimechukua ng'ombe wa nyuma, mzima kabisa, nikamlisha wiki nzima. Wa mbele amelala. Kila Mwita akiinua mguu, wa nyuma anavuta chini na nguvu mpya niliyompa. Na kama ningetumia macho, siku ya kwanza tu ningejua, kwa sababu mtu anayesimama na vidole, ng'ombe wake wa nyuma hana shida.

"Amekufa, huyo wa mbele?" Mwita akauliza. Aliuliza polepole, na nikaona ndio swali alikuwa amebeba wiki zote.

Madam akapapasa nje ya goti lake, chini kidogo, pale kuna kifundo cha mfupa. Akagonga na kidole. Mwita akaruka.

"Kinapiga mpaka mguuni? Kama stima?"

"Ee."

"Kabla mguu haujakataa, ulikuwa unachuchumaa?"

"Tulikuwa tunachambua tumbaku. Majani mazuri huku, mabaya kule. Kwa ghala, chini. Asubuhi mpaka jua inashuka, karibu wiki mbili."

Madam akarudisha kidole pale pale. "Mshipa unaopeleka habari kwa huo msuli unapita hapa, juu ya mfupa, karibu sana na ngozi. Ukichuchumaa siku nzima unaubana. Ng'ombe hajafa, baba. Yupo, ana afya. Ni sauti yako haimfikii. Mara nyingi inarudi, pole pole. Siwezi kukupa tarehe."

"Mvua ina tarehe," Mwita akasema.

Hapo Madam akanigeukia. "Kwanza kuna jambo Ouko anataka kukwambia."

Sikutaka. Lakini nilisema. Nikamwambia, mzee, mimi si daktari. Mimi nafagia hapa. Niliambiwa nisikuguse.

Mwita akapangusa tyubu kwa suruali. "Nilijua," akasema. "Daktari gani anafagia kwanza halafu anaita mgonjwa? Na hiyo koti ni ya mama."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja kila siku?"

"Wewe ndio ulikuwa hapa."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na hakuna mtu amewahi kunigonga na maneno madogo kama hayo. Nikaenda kwa dirisha nikajifanya naifunga.

Nikiwa hapo ndio akili ikaja, na hii mnipe, kwa sababu ni kitu kimoja tu nilifanya sawa wiki hizo mbili. Mwita alikuwa amevaa akala, zile za tairi ya gari. Nikachukua ile tyubu yenyewe, ile ya kukanyagia. Nikafunga ncha moja kwa mkanda wa mbele wa akala, karibu na vidole. Nikaipandisha mbele ya muundi, nikaivuta mpaka unyayo ukainuka, nikaifunga kwa mkanda chini ya goti. Mpira unavuta kama msuli, si ndio? Na unavuta upande mmoja tu, ule ambao umeufunga.

Madam akaja akaangalia. Akashusha ule mkanda wa goti kidogo na kuulegeza, usije ukabana mshipa ule ule ulioumia. Halafu akasema, "Tembea."

Mwita akatembea katikati ya vyuma. Hakuinua goti juu. Unyayo ulikuja wenyewe. Akafika mwisho, akageuka, akatembea nje ya vyuma, akatoka mlangoni, akashuka ngazi ya veranda, ile ile, akapanda tena. Foleni yote ilikuwa inatazama.

"Mguu yake sasa iko sawa," nikasema.

"Mguu wake, uko," akasema Madam. "Na bado hauko sawa. Umeazima ng'ombe."

Alirudi nyumbani na masharti: asichuchumae, tumbaku achambue amekaa kwa kigoda. Shavu la mguu, lile nililokaza, alilegeze kila siku kwa kuvuta unyayo na kitambaa. Na kila asubuhi ajaribu kuinua vidole bila tyubu, hata kama hakuna kinachotokea. Aliambiwa aje kila Alhamisi.

Alhamisi tatu nilimwekea mkono kwa muundi, yeye anajaribu, mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hakuna. Madam alinifundisha kusubiri na mkono, si na macho. Ya nne, nikasikia. Kidogo sana, kama omena amegusa wavu akapita. Nikamwambia rudia. Akarudia. Kikaja tena. Nilimwita Madam na sauti ambayo si ya Nairobi.

Alhamisi iliyofuata mvua ikaanza, na Mwita hakuja. Wala iliyofuata. Kila mtu wa Kehancha aliyeingia hapo na goti au mgongo nilimuuliza kama anamjua mtu mrefu wa tyubu. Hakuna. Nikaanza kujiambia ng'ombe wameuzwa. Ile wiki moja niliyomfundisha kuanguka ndiyo wiki aliyopungukiwa kabla ya mvua, na niliihesabu siku kwa siku.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini aliporudi. Nilikuwa nafagia veranda. Nikaona akala kwanza, halafu miguu, na hakuna tyubu. Kisigino kilishuka kwanza, halafu vidole, taratibu, vile Mungu alipanga. Akatoa tyubu mfukoni, imekunjwa vizuri, akanipa.

"Nililima nayo shamba yetu na ya majirani wawili," akasema. "Halafu siku moja ilikatika katikati ya mtaro, na sikujua mpaka nimefika mwisho."

"Na ng'ombe?"

"Wako wote. Chacha mwenyewe alikuwa anashika kamba mbele." Akakaa kwa ngazi. "Mmoja amezeeka, kwa hivyo kuna kijana mpya nafundisha nira. Kwetu, ng'ombe wa kulima lazima awe na jina, ndio umuite akiwa kazini. Huyo nimemuita Ouko."

Nikanyoosha mgongo. Nilikuwa bado na ufagio lakini nikajisikia kama nimevaa koti ya saizi yangu. "Kwa sababu ana nguvu?" nikauliza.

"Nguvu anayo kushinda wote," Mwita akasema. "Na roho yake ni safi. Lakini huyo, kila asubuhi, lazima umuonyeshe mbele ni wapi."